Kabla ya Kumwaga Vifaranga Bwawani: Namna ya Kumtambua Samaki Angali Mchanga

Ndugu mkulima wa Mabawe, na wewe wa kwingine kote Ngara na Biharamulo: bwawa limekwisha chimbwa, kingo zimeshindiliwa, maji yamejaa na yameanza kugeuka rangi ya kijani. Sasa anakuja mtu na ndoo kichwani. Ndani ya ndoo mna vijisamaki vidogo kama punje za mpunga, vyeusi vyeusi, vinakwenda huku na huku. Anakwambia, "Hawa ni perege, mzee. Wote ni perege." Wewe ukichungulia unaona wote wanafanana. Je, unatoa fedha au hutoi?

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya swali hilo tu. Kilichomo ndani ya ndoo ile ndicho utakachokilisha pumba kwa miezi sita ijayo. Wakiwa perege, utavua kitoweo na kuuza. Wakiwa furu, utalisha miezi sita na mwisho utavua samaki wa kiganja, wengi kama mchanga, wasio na mnunuzi. Ikiwa kambare wamechanganyika humo na perege wadogo, utashangaa perege wanapungua kila wiki na hujui mwizi ni nani. Na wakiwa ni watoto wa chura, basi umenunua chura.

Ufugaji wa samaki mabwawani nchini kwetu ulianza kwa majaribio mwaka 1949, huko Korogwe mkoani Tanga na Malya katika Usukuma. Wakulima waliupokea kwa mikono miwili. Kufikia mwaka 1968 yalihesabiwa mabwawa yapata 8,000. Lakini mengi hayakutoa kitu cha maana. Mengine yalikuwa madogo mno, mengine hayakulishwa wala kusimamiwa, na katika mengi samaki walizaliana kupita kiasi wakadumaa. Mambo hayo yana tiba, na tiba mojawapo ni kujua tangu siku ya kwanza umeingiza samaki gani.

Haya, tuanze na vifaa. Hapana haja ya darubini. Chukua beseni jeupe, au bakuli jeupe la bati, tia maji masafi ya bwawani yenye kina cha vidole viwili, halafu mimina humo vifaranga ishirini au thelathini. Weupe wa beseni utakuonyesha umbo. Kisha chukua bilauri ya kioo isiyo na maua wala maandishi, ijaze maji, tia samaki mmoja na umtazame kwa ubavuni. Bilauri ya mviringo ikijaa maji hukuza kitu kilichomo, kwa hiyo utaona mapezi na sharubu ambazo kwa macho matupu zilijificha. Fanya kazi hii mchana, mahali penye mwanga lakini si juani, maana maji ya beseni hupata moto upesi na samaki watakufa kabla hujawatambua.

Sasa mwangalie tumbo. Samaki aliyetoka kwenye yai leo au jana ana kifuko chini ya tumbo, cha rangi ya njano. Hicho ni kiini cha yai, ndiyo akiba yake ya chakula. Wakati huo hali kitu, na kuogelea kwenyewe ni kwa kujikokota. Kiini kikiisha ndipo anaanza kutafuta chakula. Hapo weka alama akilini: perege tunaowafuga sana ni wale ambao mama huwabeba watoto mdomoni. Mama huokota mayai mdomoni mara tu baada ya kutaga, yakaanguliwa humo humo, na watoto hukaa humo mpaka kiini kimekwisha. Muda wote huo ni kama wiki moja na nusu hadi mbili, kutegemea joto la maji. Basi ukiona katika ndoo watoto wa perege ambao bado wana kifuko cha njano, jua kuwa aliyewaleta alimkamata mama akamkung'uta mdomo. Watoto hao hawajawa tayari. Usiwanunue hata kwa bei ya kutupa, wengi watakufia.

Mtoto wa perege aliyeachiwa na mama yake kwa wakati wake ana urefu wa kama sentimita moja. Kichwa na macho ni makubwa ukilinganisha na mwili. Bwawani utawaona kundi zima, mamia, pembeni kwenye maji ya kina kifupi yaliyopata jua, karibu na uso wa maji. Ukipiga mguu chini, kundi hutawanyika na kukusanyika tena upesi. Kama mama yuko karibu, watamkimbilia na kuingia mdomoni kwake. Ukilishuhudia jambo hilo, wala huhitaji bilauri. Akifika sentimita mbili hivi, milia ya wima huanza kuonekana ubavuni, na kwenye pezi la mgongoni, upande wa nyuma, anakuwa na doa jeusi la mviringo. Doa hilo ndilo muhuri wa perege mchanga. Likumbuke, tutalirudia. Perege akikua, aina nyingi hulipoteza.

Pezi lenyewe la mgongoni ni refu, linaanza karibu na kichwa, na sehemu ya mbele ina miiba. Mkia una umbo la upepeo, haukugawanyika kama mkia wa mbayuwayu.

Furu ndiye mdanganyifu mkubwa, kwa sababu ni wa ukoo mmoja na perege. Naye ana pezi refu lenye miiba, naye mkia wake ni upepeo, na mama furu naye hubeba watoto mdomoni. Tofauti ya kwanza ni lile doa: mtoto wa furu hana doa jeusi la mviringo nyuma ya pezi la mgongoni. Tofauti ya pili utaipata kwa samaki waliofikia urefu wa kidole. Geuza dume la furu utazame pezi la chini, lililo nyuma ya tundu la haja: lina madoa ya njano au ya rangi ya machungwa, mviringo kabisa, kama mayai yaliyopangwa. Ya tatu ni magamba. Pitisha kidole taratibu kutoka mkiani kwenda kichwani. Magamba ya furu yana vijimeno kwenye ukingo, hukwaruza kidogo. Ya perege ni laini. Lakini nakusihi usijaribu jambo la kidole kwa kifaranga wa sentimita moja, utamuua na hutahisi kitu.

Na ipo njia nyepesi kuliko zote hizo: mwulize muuzaji akuonyeshe mama. Furu mwenye watoto mdomoni anaweza kuwa mdogo kama kiganja, na watoto wake ni makumi. Mama perege aliyelishwa vizuri ana watoto mia kadhaa. Mtu akikuonyesha wazazi wa urefu wa kidole na kusema hao ndio wakubwa wao, shika fedha yako. Wanaweza kuwa furu, au perege waliodumaa wakaanza kuzaa wangali wadogo. Perege bwawani anaweza kuzaa akiwa na miezi mitatu tu. Kwa vyovyote vile, mwombe akuletee wengine.

Tumwendee kambare. Huyu habebi watoto wala halindi. Mvua kubwa zikinyesha na maji yakafurika kwenye majani ya mabondeni, kambare hupanda usiku, hutaga maelfu kwa maelfu ya mayai yanayonata kwenye majani, na kwenda zake. Katika maji yenye joto mayai huanguliwa kwa siku moja tu au siku moja na nusu. Kwetu huku kwenye miinuko ya Ngara, maji yakiwa baridi, huchukua muda zaidi. Kiini huisha baada ya siku kama tatu, ndipo wanaanza kula. Na wakikosa chakula hulana wenyewe kwa wenyewe, aliyetangulia kukua akimmeza mdogo wake.

Mtoto wa kambare ana kichwa kipana, bapa, na mwili unaochongoka kuelekea mkiani. Hana magamba. Pezi lake la mgongoni ni refu mno, linakwenda karibu mpaka mkiani, tena halina miiba. Hapendi mwanga: weka kipande cha bati au jani la mgomba juu ya nusu ya beseni, na baada ya dakika chache utawakuta kambare wote wamejikusanya chini ya kivuli, kwenye sakafu ya beseni, huku perege wakibaki juu wanazunguka. Kwa jaribio hilo unaweza kuwatenga kambare na perege walio katika ndoo moja bila kuwashika mkononi. Halafu hesabu sharubu. Kambare ana sharubu nane, jozi nne kuzunguka mdomo.

Kwa nini nakutaka uhesabu? Ngoja nikueleze juu ya chura mmoja.

Viluwiluwi wa kawaida wa chura hawawezi kukudanganya kwa muda mrefu. Kichwa na tumbo ni mviringo mmoja kama kokwa, nyuma kuna mkia tu, hakuna mapezi ya pembeni wala sharubu, na ukimgeuza utaona matumbo yamejiviringa kama kamba. Baada ya siku kadhaa miguu ya nyuma inachomoza na maneno yanaisha. Lakini yuko chura mwingine anayeishi majini siku zote, mwili umeteleza kama sabuni, macho yametazama juu, na vidole vya miguu ya nyuma vina kucha nyeusi. Ukifukua tope la bwawa bila shaka umewahi kumwona. Jamaa yake wa Afrika Kusini alipata sifa kubwa duniani kuanzia miaka ya 1930, alipotumiwa hospitalini kupima kama mwanamke ana mimba. Bwawani kwako hana sifa yoyote, kwani hula vifaranga wa samaki. Na mtoto wake ana sharubu! Sharubu mbili ndefu, moja kila pembe ya mdomo. Mtu asiyejua akimwona ataapa kuwa ni kambare.

Ndiyo maana nasema hesabu. Nane ni kambare, mbili tu ni chura huyo. Tena mtazame anavyokaa. Mtoto wa kambare hukaa chini na ni mweusi. Mtoto wa chura huyu ni kama kioo, unaona mpaka ndani, naye huelea katikati ya maji, kichwa kimeinama chini na ncha ya mkia ikitetemeka bila kupumzika, wenzake wakiwa wamejipanga vivyo hivyo kando yake. Ukiisha liona jambo hilo mara moja hutalisahau.

Kamongo nitamtaja kwa kifupi, maana hakuna mtu wa kumwuzia mwenzake kamongo kwa makusudi, isipokuwa huingia mwenyewe mahali palipo na majimaji ya matete. Dume huchimba kiota kwenye tope na kukilinda kwa ukali. Mtoto wake ni mrefu mwembamba, na pembeni mwa shingo ametokeza matamvua ya nje yaliyochanua kama manyoya. Mapezi yake ni kama nyuzi nne. Ukimwona wa namna hiyo, mtoe.

Wako pia watoto wa samaki wa mtoni kama kuyu na ningu, ambao wakati wa mvua hupanda mito kwenda kutaga, na vijisamaki vingine vya fedha visivyokua kamwe. Hawa wote wanatambulika kwa pezi moja fupi katikati ya mgongo, rangi ya fedha, na mkia uliogawanyika pacha. Ukiona mkia wa pacha, huyo si perege, wala usibishane. Lakini kuyu ni yupi na ningu ni yupi wakiwa na urefu wa kucha, hilo ni gumu hata kwa wataalamu. Fryer na Whitehead, walioandika mwaka 1959 juu ya ningu wa Ziwa Victoria, walieleza ukuaji wake hatua kwa hatua tangu yai. Njia ya uhakika ni hiyo, kufuata kutoka kwa mama na yai, maana ukiokota kichanga kimoja mtoni unabaki kukisia.

Jambo hili linatupeleka kwenye swali ambalo wengi hupenda kuuliza: je, nitajuaje kama kifaranga wangu ni sato au ngege? Jibu ni kwamba kwa macho, akiwa na sentimita moja au mbili, hutajua. Wote wana doa, wote wana milia, wote hutoka mdomoni mwa mama. Sato akikua ndipo mkia wake unajipamba kwa milia myembamba ya wima, ambayo ngege hana. Kwa hiyo hapa unamtambua mama. Na si jambo dogo. Ngege ndiye perege wa asili wa Ziwa Victoria. Sato aliletwa ziwani humo katika miaka ya 1950, na tangu hapo, pamoja na uvuvi mkubwa na kuja kwa sangara, ngege amekuwa adimu mno katika ziwa kubwa. Amesalia zaidi katika maziwa madogo ya pembeni, likiwamo Burigi. Sato na ngege wakikutana huweza kuzaliana wakatoka machotara, na ngege halisi akapotea. Basi wewe uliye karibu na maji yanayoelekea Burigi, au bondeni kunakoshuka maji ya Ruvubu na Kagera, usibebe ndoo ya samaki hai kutoka ziwa moja ukaimwaga katika maji mengine. Mwone kwanza Bwana Samaki wa wilaya. Na usiende mtoni kuchota vifaranga kwa chandarua. Sheria ya uvuvi inakataza nyavu za matundu madogo namna hiyo, tena utachota kila kitu nilichokieleza hapa kwa mchanganyiko mmoja.

Majina nayo yanatuchanganya. Wengine huita kila samaki wa bwawani perege. Mwingine atakupa jina la Kihangaza, mwingine la Kishubi, na mvuvi aliyetoka Mwanza ana lake. Usishindane kwa majina. Mwambie akuonyeshe doa, pezi na mkia.

Ikiwa bado una wasiwasi, subiri. Vifaranga kumi uwatie katika shimo dogo au pipa lililokatwa, uwalishe pumba laini iliyochekechwa, kidogo kidogo, na kubadilisha maji. Kwa wiki mbili au tatu watakuwa wamejieleza: doa litatokea au halitatokea, sharubu zitarefuka, miguu ya chura itachomoza. Muuzaji mwaminifu hatakataa kusubiri. Katika miezi ya baridi usivunjike moyo wakikua polepole, na usishangae kukosa watoto bwawani. Maji yakishuka chini ya nyuzi 20 za Selsiasi perege karibu huacha kuzaa.

Ukimwaga beseni usisahau kuokota wadudu. Mtoto wa kereng'ende, yule mwenye miguu sita na taya analolifyatua mbele, ana uwezo wa kumla kifaranga mmoja baada ya mwingine. Ukihesabu vifaranga wako, kwa kawaida wawili kwa kila mita moja ya mraba, yaani 300 katika bwawa la mita 10 kwa 15, hakuna sababu ya kumpa yeye hata mmoja.

Na aliyekwisha mwaga furu afanyeje? Asubiri kiangazi, Juni hadi Agosti, afungulie maji yote. Furu ni chakula, akaushe ale na watoto wake, asiwarudishe mtoni na perege wake wa kufugwa. Aache tope likauke mpaka lipasuke, afukue sehemu zilizobaki na unyevu, kwa kuwa kambare na kamongo hujificha humo, anyunyize chokaa. Kabla ya kufungulia maji mapya, afunge mdomo wa mrija wa kuingizia maji kwa mfuko wa wavu wenye matundu madogo, na kuusafisha kila asubuhi wakati wa mvua. Furu wengi hawakununuliwa na mtu, waliingia kwa mfereji.

Wale ambao hukuwatambua kabisa, tia watano au sita katika chupa nyeupe, maji nusu na hewa nusu, uondoke alfajiri kabla ya jua, uwapeleke kwa Bwana Samaki. Andika kwenye karatasi siku uliyowapata, bonde gani, na kama walikuwa juu pembeni au chini kwenye tope. Kama ulimwona mama, mweleze ukubwa wake na mkia wake ulivyokuwa.